Mama Fondo, Aliyeionja Vodka Yetu Mara Moja Tu

Baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Bi. Priscilla Fondo, mkuu wa mtambo wetu hapa Matsangoni, anastaafu tarehe 30 Juni. Kiwandani hakuna amwitaye Bi. Priscilla. Ni Mama Fondo, kuanzia mlinzi wa langoni hadi meneja.

Alitoka Ganze, akaajiriwa kuosha chupa, akapanda hadi mtamboni. Huko zabibu zetu za Dodoma husagwa na kutiwa hamira zichachuke, kisha mvinyo wake huchemshwa na mvuke kupozwa hadi utone vodka. Matone ya kwanza yana sumu, hivyo humwagwa. Mama Fondo hujua kwa pua wakati wa kuacha kumwaga na kuanza kukinga. Halafu huichuja kwa makaa ya vifuu vya nazi, na ole wake amharakishaye! Joram wa ufundi aliwahi kufungua bomba mapema. Alipewa vidonge vyake, akanywea wiki nzima.

Ajabu ni kwamba mama huyu hanywi. Ni mzee wa kanisa, na wazee wa kanisa lake wameapa kutogusa pombe. Aliigusa siku moja tu.

Mwaka ule habari za pombe zenye sumu zilikuwa zimetapakaa nchini, nasi tulikuwa na ghala limejaa vodka isiyo na mnunuzi. Isipouzwa, kiwanda kinafungwa. Sisi wa mauzo tukawaalika wanunuzi wa hoteli za Malindi na Watamu. Tukawaonyesha lebo ya dhahabu, tukawahubiria juu ya vodka laini isiyo ya nafaka wala viazi, yenye kijiharufu cha zabibu. Wapi! Walizitazama glasi kama zimejaa mwarobaini.

Mama Fondo, tuliyemleta aeleze utengenezaji tu, akainuka. Kwao Ganze mwenye kinywaji huonja kwanza, ndipo mgeni apewe, ajue yuko salama. Alijua huenda akavuliwa uzee wa kanisa. Akamimina kidogo, akafumba macho akaomba, akanywa. Jamani, alikohoa mpaka kilemba kikamdondoka! Ukumbi ukaangua kicheko, na glasi zikainuliwa. Ghala likabaki tupu, na wanunuzi wale tunao hadi leo.

Jumapili iliyofuata alikwenda mwenyewe kuwaeleza wazee wenzake. Walimwombea, uzee wake ukabaki, kisha mmoja akamuuliza ladha yake ikoje. Hajamjibu mpaka sasa.

Mama Fondo, tunakushukuru kwa moyo wote, na tutakukosa sana. Kapumzike Ganze, mahindi yako yapate mvua na tangi lako la maji lisikauke kamwe. Kwenye sherehe yako Ijumaa utaona chupa mezani. Ni maji ya zabibu matupu, hayakupita mtamboni. Lakini usiyaguse bado. Siku hiyo mgeni ni wewe, mama yetu, na sisi ndio tutakaoonja kwanza.

Lynn Odera, Idara ya Mauzo