Nasike Ekuru, Fundi wa Masalio ya Mahameli

Ejok, hamjambo, wapendwa mliofika hapa Lodwar kutushika mkono, mimi Akuwam, mwanawe wa kwanza, nimetumwa na familia ya baba yetu, Mzee Esekon Lochakapong, niwasimulie maisha ya mama yetu, Nasike Ekuru, aliyezaliwa Longech, kando ya ziwa, tarehe 4 Juni 1968, kwa watu wa samaki na mbuzi wachache.

Alisoma Kalokol hadi darasa la saba, akaacha mwaka 1983 baba yake alipougua, kisha masista wa Lodwar wakamfundisha ushonaji, na huko ndiko ukali wake ulikojulikana, kwani mkasi wake haukuguswa na mtu, hata padri.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na baba, baada ya mahari ya mifugo kufika kwa miguu yake yenyewe kutoka Kainuk, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi na Nakal.

Mwaka 1994 alikwenda Lokichoggio kushona mapazia ya hoteli walimolala watu wa ndege za misaada, na ndege zilipopungua hoteli ikafungwa, mwenye hoteli akamwachia magunia ya vipande vilivyosalia, mahameli ya zamani, hariri, kitani kilichotariziwa maua, vitambaa vya bei ambavyo siku hizi havipatikani. Watu walimcheka, vipande vya ukubwa wa kiganja vitamvisha nani, lakini yeye aliviosha, akavipanga kwa rangi, na mwaka 2008 akafungua kibanda Kakuma, akishona foronya za mito ya viti, vifuniko vya taa na vitambaa vya meza, huku viti vya nyumbani kwetu vikikaa vitupu, nasi tukilalamika bure.

Mwaka 2015 walimjia ndugu watatu kutoka kambi ya wakimbizi, Nyawech, Lam na Puok, ambao hawakuwa wakisemezana tangu wamzike mama yao, wakiwa na hariri aliyoolewa nayo, imeliwa na mchwa, kila mmoja akidai kipande chake. Mama aliigeuza-geuza, akauliza, "Nikiikata mara tatu, nyinyi mtakutana wapi?"

Lam akajibu, "Mama, sisi tumekuja kushonewa, hatukuja kuhubiriwa," akaondoka.

Wiki ile mama hakuwa na raha, akihofia ameingilia nyumba ya watu, ila alishona, akaunganisha sehemu zilizo nzima, akazizungushia mahameli ya bluu aliyokuwa akiwanyima wateja wote, kikawa kitambaa kimoja cha meza, yeye mwenyewe akampelekea Nyawech. Krismasi ile Puok alikuja kula kwenye meza ya Nyawech, Lam hakuja. Mwaka uliofuata alikuja, akala, akakaa hadi chai, na leo ni mmoja wa waliobeba jeneza hili.

Novemba 2022 mama alipatikana na saratani ya matiti, akatibiwa hapa na Eldoret, dawa zikamtia ganzi vidoleni, na kuacha kushona kulimuuma kuliko ugonjwa wenyewe, akawa anaketi mlangoni akimwambia Nakal, "Kijani hiyo haielewani na mwenzake, fumua." Alituaga tarehe 9 Machi 2025, alfajiri, baba akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji mabomba yalipokauka, na mafundi wenzake wa Kakuma waliofunga vibanda vyao leo. Baba hawezi kusimama kusema, ameniomba nimwambie mama neno moja tu, kwamba nyumba imekuwa kubwa mno.

Pumzika kwa amani, Nasike wetu.