Fundi Samuel Karisa Dzoro na Bunduki Fupi ya Msituni (1949–2025)

Marehemu Samuel Karisa Dzoro alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949 huko Ribe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Dzoro Karisa na Mama Kadzo. Babake alikuwa askari aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia na kurudi mzima. Mwaka 1953, Samuel akiwa na miaka minne, mzee huyo alirudishwa nyumbani bila cheti cha mwenendo mwema. Katika mazoezi ya kulenga shabaha, risasi yake ilikuwa imempata askari mwenzake begani, kijana wa Kibokoni aliyeitwa Sabir, mwenye zamu ya kubadilisha karatasi za shabaha. Sabir alieleza kwamba alikuwa amejificha nyuma ya tuta la mchanga, hatua sita kutoka kwenye shabaha, kama ilivyoagizwa. Dzoro akaandikwa mzembe.

Yeye alishikilia neno moja tu: "Nililenga katikati. Bunduki ilihama." Samuel alikulia ndani ya neno hilo. Watoto wenzake walimwita mwana wa mpiga pembeni, naye akapigana nao mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri alipokuwa mtu mzima.

Alisoma Shule ya Msingi ya Ribe kuanzia 1957, akamaliza 1964. Hesabu aliiweza, Kiingereza hakikumpenda. Mwaka 1966 alivuka kuja kisiwani kujifunza ufundi wa vyuma, akilala kwa mjomba wake Makupa. Alianza kazi katika karakana moja ya bandarini mwaka 1969, na Machi 1975 akaajiriwa kuwa fundi wa silaha katika ghala la serikali. Huko alidumu miaka ishirini na minne. Kila bunduki iliyotengenezwa ilipaswa kujaribiwa, na milio hiyo ndiyo iliyoliua sikio lake la kushoto.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na Bi Sidi Charo, mshonaji aliyekuwa akipinda leso za maduka ya Biashara Street. Waliohudhuria hawajaisahau ibada hiyo. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, bwana harusi, aliyesimama na sikio baya upande wa mchungaji, aliitika kwa sauti ya kujaa kanisa, "Ndiyo, kwa moyo wangu wote." Tangu siku hiyo Bi Sidi alikaa kuliani kwake, penye sikio zima, kila mahali. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jared na Stacy.

Jambo ambalo familia inataka likumbukwe lilitokea Juni 1997. Ghalani ziliingia bunduki kuukuu za kukatwakatwa, na kati yake mlikuwa na nne za aina ile aliyoitumia babake. Zilianza kuundwa mwaka 1944 kwa ajili ya vita vya msituni. Waundaji walichukua bunduki ndefu ya kawaida, wakafupisha mtutu, wakapunguza mbao, wakachonga chuma hapa na pale mpaka uzito ukashuka hadi kilo tatu na ushei. Mdomoni waliweka kitu kama faneli cha kuficha mwako wa moto. Ilikuwa nyepesi begani, lakini ilipiga teke baya, na kile kitako chake cha mpira hakikusaidia kitu. Tena ilikuwa na sifa ya ajabu: askari wengi walilalamika kwamba ukiirekebisha leo ikapiga sawasawa, kesho risasi zinatua kwingine. Samuel alipoyajua malalamiko hayo alihisi kama aliyesikia jina la babake likitajwa kwa wema.

Alimwendea mkuu wake, Bwana Mzamil, akaomba azijaribu kabla hazijakatwa. "Siku tatu, Samuel," alijibiwa. "Ya nne zinaingia msumenoni."

Alizipiga zote nne kwenye uwanja wa shabaha, mita mia moja, siku tatu mfululizo. Alipiga asubuhi mitutu ikiwa baridi, akapiga adhuhuri ikiwa moto wa kuunguza, akapiga tena mvua ilipozilowesha mbao. Bega lilivimba, Bi Sidi akamkanda kwa maji ya chumvi. Bunduki tatu hazikutikisika. Risasi tano tano zilikusanyika mahali panapofunikwa na kiganja. Ya nne ilihama kweli, upana wa vidole vitatu. Sabir alisema alikuwa hatua sita pembeni.

Bi Sidi alimkuta ameketi na daftari lake mapajani.

"Utamwambia mzee?"

"Nitamwambia vile zilivyopiga."

"Itamuumiza."

"Najua. Lakini nikimdanganya, ataniuliza vidole vingapi."

Mzee Dzoro, wakati huo akiwa na miaka sabini na mitano, alisikiliza mpaka mwisho. "Basi mkono wangu ndio uliokosea," alisema. "Nipeleke kwa Sabir nikamwombe radhi kabla hatujafa." Samuel aliona ameivunja heshima ya babake kwa mikono yake mwenyewe, na alivaa viatu vya kwenda Kibokoni kwa moyo mzito.

Walimkuta Mzee Sabir barazani kwake. Binti yake, Fadhiya, aliwakaribisha kwa kahawa na halua. Dzoro hakugusa kikombe.

"Bwana Sabir, nimekuja kutaka radhi. Mwanangu amezipima bunduki zile. Hazikuwa na kosa. Kosa nilifanya mimi."

Sabir akamuuliza Samuel, "Zimepiga sawa kabisa?"

"Sawa, mzee. Vidole vitatu, si zaidi."

"Basi hukukosa, Dzoro. Risasi yako ilipita katikati ya karatasi. Mimi nali nyuma yake. Sikungoja filimbi ya kusimamisha risasi, nalitaka nibadilishe karatasi mapema, niwahi swala ya Ijumaa. Waliponiuliza, nikasema nali nyuma ya tuta. Nalichelea kufukuzwa." Akaushika mkono wake uliopooza. "Miaka arubaini na mine nikikuona Makupa, navuka barabara."

Fadhiya alikuwa amesimama na sinia, hajui aliweke wapi. Ndipo Mzee Dzoro alipokigusa kikombe chake.

"Katikati kabisa?" aliuliza.

"Kabisa."

Samuel alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona babake akitembea wima kama alivyotembea jioni ile. Wiki iliyofuata Mzee Sabir alipelekwa Ribe kwa gari, akayarudia maneno yake mbele ya ukoo, bila kuombwa. Wazee hao walitembeleana mpaka kifo cha Mzee Dzoro mwaka 2004.

Samuel alistaafu 1999 akafungua kibanda cha kutengeneza makufuli na cherehani. Alikuwa mkali kwa kazi mbovu na mpole kwa mwenye nayo. Mwaka 2021 alipata kiharusi, kisha figo zikaanza kumwelemea. Aliugua kwa subira, akizozana tu na dawa zake. Alifariki nyumbani Makupa, Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, Bi Sidi akiwa ameketi kuliani kwake. Alikuwa na miaka sabini na mitano.

Ameacha mjane, Bi Sidi, watoto wake Jared na Stacy, wajukuu watano, na Bi Fadhiya Sabir wa Kibokoni, ambaye marehemu alimwita dada, na ambaye ameketi nasi leo safu ya mbele pamoja na familia.

Mungu amlaze pema, na ampe amani ile aliyowatafutia wazee wake wawili.