Ngitili ya Watoto, Nyuma ya Stesheni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Agnetha Maganga, Ofisa Michezo wa halmashauri yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Mtaani ni Mama Limi. Sisi wa ofisini tunamwita Mama Kiwanja, na ukimwita hivyo hanuni. Anacheka, kisha anakubebesha nyavu za goli.

Alizaliwa Didia, kwa wafugaji, akaja kuanza kazi Shinyanga mjini. Mpira wenyewe hajui kuupiga, tuseme ukweli. Filimbi ndiyo anaijua, na waamuzi wa mjini hapa wanamwogopa mpaka leo.

Kilichomtoa jasho ni kile kiwanja cha nyuma ya stesheni. Palikuwa jalala. Alipasafisha na vijana wa mtaa, akaomba fedha za nyasi, akapewa, akapanda. Haikupita wiki, ng'ombe wa Mzee Mayala wakazimaliza zote! Kwani Msukuma gani aone majani mabichi kiangazi ayapite hivihivi? Mama Limi hakumshitaki kwa mtendaji. Alikwenda kumwamkia, akamwomba samadi, akapanda upya. Mzee Mayala huyohuyo ndiye akawa mlinzi, tena mkali kuliko mgambo.

Balaa lenyewe lilikuja baadaye. Bajeti ilibana, na Diwani Magesa akaleta hoja kiwanja kikatwe, zijengwe fremu za maduka, maana hakiingizi chochote. Jamani, siku ile tulikata tamaa. Mama Limi akasimama mikono mitupu, akawauliza madiwani, karibu wote wafugaji, ni nani amewahi kuuza ngitili yake eti kwa sababu haina ng'ombe ndani. Kila mtu wa huku anajua: malisho hayo unayafunga mvua zikianza, ili kiangazi ndama wasife. Akasema watoto wa mji huu nao wana kiangazi chao, shule ikiisha, kazi hakuna, na mashimo ya dhahabu huko Geita yanawaita. Magesa akaiondoa hoja yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo kiwanja kina kifungu chake katika bajeti. Kina taa, bembea, bomba la maji na uwanja wa netiboli ambao jioni kupata zamu ni ugomvi. Tunajivunia, na tunasema kwa sauti.

Tulipomuuliza, madiwani wakiwepo, anataka zawadi gani, friji alilikataa. Alitaka kujua jambo moja tu: bajeti ijayo, yeye akiwa hayupo, nani atasimama? Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Diwani Magesa.

Asante sana, Mama Limi. Nenda Didia ukapumzike, unywe maziwa yako ya mgando kwa amani, afya ikuzidie na wajukuu wakuchoshe. Ile ngitili ya kwako kaifunge mwenyewe. Hii ya watoto tuachie sisi.

Edson Wiliam
Idara ya Maendeleo ya Jamii