Simu za Jumapili

Kwenye treni, fundi simu wa mtaa wa Gongoni, Tabora, alimlalamikia mama aliyeketi mbele yake: "Kampuni zinatunza kila kitu, mama. Nani kakupigia, saa ngapi, ukiwa wapi. Hata kama huna kosa!" Mimi nilisikiliza bila ruhusa, kama kampuni zenyewe.

"Na usipopigiwa, wanaona?" mama aliuliza.

"Wanaona."

Mama akainamia simu yake. "Basi wanajua mwanangu Emilian hajapiga tangu Pasaka. Kila Jumapili baada ya misa nasimama mlangoni mwa kanisa, naongea na simu iliyozimwa, wenzangu wasikie."



Treni ikasimama Usoke. Wanawake wawili wa jumuiya yake ya kanisani walikuwa wakimsubiri mama. Kabla ya kushuka, mama aliweka simu sikioni. "Ndiyo, mwanangu," alisema kwa sauti, "nimefika salama."