Nililala Mbele ya Juri, Nikaamka Nikamaliza

Bwana apewe sifa, ninyi wa viti vya mbele na ninyi mliosimama huko nje kwenye hema! Na kwa wazee na akina mama wa upande wa Kajiado, sopa! Nimesikia mkiitikia, asanteni.

Kwa majina naitwa Naserian. Wengi mnamjua baba yangu, mzee Lemayian wa Kisaju, yule ameketi pale na kofia magotini. Nimeokoka, nampenda Yesu, na niko na kifafa.

Nimeona dada mmoja ameshtuka. Usishtuke. Nimesema niko nacho, sijasema nilikuwa nacho. Kama umekuja kusikia ushuhuda wa ugonjwa ulioisha, ndugu yangu, huo si wangu leo. Mungu anaweza kuniponya saa hii nikiwa nimeshika maikrofoni, na akifanya hivyo nitaruka mpaka juu ya hiyo spika. Lakini nimesimama hapa kushuhudia jambo ambalo amekwisha kulifanya. Alinitoa kwa woga. Woga ndio uliotaka kuninyang'anya masomo yangu, na ukashindwa!

Nilianguka mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Kajiado, asubuhi tukiwa paredi. Nilipozinduka nilikuwa peke yangu mchangani. Wanafunzi na walimu walikuwa wamerudi nyuma, wameniacha katikati kama kitu kinachowaka. Hakuna aliyenigusa, kwa sababu wote walikuwa wameambiwa kwamba mate ya mtu wa kifafa yakikugusa, na wewe utaanguka. Ndugu zangu, huo ni uongo! Kifafa hakiambukizi. Nimelala kitanda kimoja na dada zangu tangu utotoni na hakuna hata mmoja ameanguka.

Daktari alinipa vidonge. Akaniambia nivimeze kila siku bila kuruka, na nilale vya kutosha, kwa sababu kwangu mimi kukosa usingizi ni kukiita kifafa kije. Nilivimeza. Nikakaa vizuri. Halafu shangazi yangu Nasieku, ambaye pia yuko hapa leo na ninampenda, akaja nyumbani na mama mmoja wa maombi. Wakasema vidonge ni kukosa imani. Shangazi akavichukua vyote akavimwaga chooni.

Kabla ya wiki kuisha nilianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye jiko la makaa. Alama ndiyo hii, mnaiona.

Baba yangu si mtu wa maneno mengi. Alienda hospitali akarudi na vidonge vingine, akaviweka mezani mbele ya dada yake.

"Hivi visitupwe tena," akasema.

"Kwa hiyo wewe unaamini vidonge kuliko Mungu?" Shangazi akauliza.

"Ng'ombe wangu nawadunga sindano, na ninawaombea. Sasa huyu ni mtoto nimwache hivyo?"

Basi nikaendelea na shule. Na tangu nikiwa mdogo nilipenda nyumba. Mmeona jinsi Kitengela yetu inavyoota. Kila nikifunga shule nilikuta gorofa mpya mahali ambapo muhula uliopita mbuzi walikuwa wanalishwa. Nilikuwa nasimama kando ya barabara ya Namanga naangalia mafundi wakipandisha mawe, najiuliza ni nani aliamua dirisha likae pale na si pale. Nilipojua kwamba kuna mtu anasomea jambo hilo, nilisema ni mimi. Mtihani wa mwisho nikapita, nikaitwa chuo kikuu Nairobi kusomea usanifu majengo. Miaka sita, ndugu zangu! Kisaju tulichinja.

Lakini hakuna aliyeniambia kuhusu studio.

Studio ni chumba kikubwa chenye meza za kuchorea, na mwanafunzi wa usanifu anaishi humo. Wiki ya kwanza mhadhiri mmoja alisimama akatuambia, "Hapa usingizi ni wa kozi zingine." Darasa zima likacheka, wengine wakapiga makofi. Mimi nikamkumbuka daktari wangu. Na ni kweli, pale watu walikuwa wanajivunia kukesha. Ukija asubuhi na macho mekundu, unaonekana uko serious. Ukija umeoga na umelala, unaulizwa kama umehama kozi.

Sikumwambia mtu. Nilikesha kama wao. Nilikuwa naficha vidonge kwa pakiti ya peremende, naenda kuvimeza chooni. Mwaka wa kwanza Mungu alinishika, sijui alinishika vipi. Mwaka wa pili, asubuhi ya siku ya kuwasilisha kazi, nilianguka studio. Na sikuanguka chini tu. Nilianguka juu ya modeli ya msichana anayeitwa Wanza, wa kutoka Makueni. Nyumba nzima ya kadibodi, na miti yake na ngazi zake, kazi ya karibu mwezi. Niliilalia ikawa takataka.

Nilipozinduka watu walikuwa wamesimama ukutani. Wanza peke yake ndiye alikuwa karibu, ameketi sakafuni, analia, ameshika kipande cha paa.

"Una nini wewe?" akaniuliza.

Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza chuoni kuambiwa.

"Na ungeniambia," akasema huku akifuta kamasi, "si ningeiweka mbali!"

Ndugu zangu, alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. Lakini hakurudi nyuma! Alinisaidia kusimama, akanifunga leso yake kiunoni kwa sababu nilikuwa nimejikojolea, akatembea na mimi mpaka bweni, na mikono yake ilikuwa bado na gundi.

Kufikia jioni idara yote ilijua. Mkuu wa idara akaniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Aliniwekea chai. Akaniambia kwa upole kwamba kuna kozi nzuri za kukaa ofisini, kwamba kazi ya usanifu ni ya kupanda ngazi na kutembea juu ya majengo ambayo hayajaisha, na kwamba angenisaidia kuhama. "Kwa usalama wako," akasema. "Nenda nyumbani, fikiria, urudi na jibu."

Nikaja nyumbani. Na nyumbani nako nilikuta sebule imejaa watu. Shangazi alikuwa amesikia. Waliniombea mchana kutwa, na mimi naamini maombi, nilipiga magoti kama wao. Lakini mwishowe Shangazi akaniambia, "Naserian, Mungu amesema mwenyewe. Hiyo kozi si yako. Rudi nyumbani uolewe. Na hivyo vidonge uviweke hapa mezani, tuone imani yako."

Watu wote wakaniangalia. Hapo ndipo niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Chuo kilikuwa kinaniambia niache kozi kwa sababu ya ugonjwa. Nyumbani walikuwa wananiambia niache dawa na kozi vyote viwili. Na wote walikuwa wananipenda! Kila mtu alikuwa ananionea huruma, na huruma yao ilikuwa inanizika nikiwa hai.

Nikatoka nje, nikaenda kukaa kando ya tangi la maji, nikalia, nikamwambia Mungu, "Sema wewe. Hawa wamesema vya kutosha." Na likanijia lile Neno ambalo watu hupenda kulisoma wakiweka jiwe la msingi, kwamba Bwana asipokuwa ndani ya ujenzi, wanaojenga wanajichosha bure. Hilo nilikuwa nalijua. Ila siku hiyo niliendelea mpaka mbele kidogo, pale linapotuambia kwamba kuamka na mapema na kulala umechelewa ni bure pia, kwa maana Mungu huwapa usingizi wale anaowapenda.

Ndugu zangu, nilisimama! Usingizi ni zawadi! Neno hilo hilo linalosema juu ya kujenga nyumba ndilo linasema nilale! Nilicheka peke yangu pale kando ya tangi mpaka baba akaja kuangalia kama nimeanguka.

"Baba, narudi chuo," nikamwambia. "Na dawa sitoi."

"Nakerai," akasema, yaani mtoto wangu, "mimi sikuwa nimekuuliza."

Nikarudi ndani, nikamwambia Shangazi mbele ya wote, "Nakuheshimu. Endelea kuniombea, usiache hata siku moja. Lakini vidonge haviendi mezani." Miezi mingi hakuniongelesha.

Chuoni nilienda kwanza kwa mkuu wa idara. Nikamwambia, "Sihami. Na sitakesha tena. Mnipe alama za kazi yangu, si za macho yangu." Aliguna, lakini aliandika kwamba nimekataa kuhama. Kisha nikaingia studio mchana watu wakiwa wengi, nikapanda juu ya kiti. Nikasema, "Niko na kifafa. Nikianguka, sogezeni vitu, mnilaze kwa ubavu, mniwekee kitu laini chini ya kichwa. Msinishike kwa nguvu na msinitie chochote mdomoni. Kisipoacha upesi, niitieni gari la hospitali. Kikiacha, ngojeni, nitaamka. Hakiambukizi. Aliye na swali aulize sasa."

Kijana mmoja akauliza, "Na modeli zetu je?"

Nikamjibu, "Weka yako mbali na mimi." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho kiti, ndugu zangu, ndipo nilipofunguliwa! Hakuna mtu aliyeniwekea mkono kichwani. Hapakuwa na ngoma wala kinanda. Lakini kile kitu kilichokuwa kimenikaba tangu ile asubuhi ya paredi kiliniachilia, na hakijarudi!

Sisemi ilikuwa rahisi. Waliniita Mama Usingizi. Mimi nikienda kulala wao ndio wanapasha moto chai. Mwaka wa tatu alama zangu zilishuka, mhadhiri akasema michoro yangu ina mistari michache. Nikajifunza kuamua mapema. Wenzangu walikuwa na muda wa kubadilisha wazo hadi dakika ya mwisho, mimi sikuwa nao. Nikawa nafanya kazi mchana kama mtu anayefukuzwa, sikai kantini, sizungumzi. Kidogo kidogo ile mistari michache ikawa inatosha.

Mwaka wa mwisho ukafika. Kila mwanafunzi anatundika michoro yake ukutani na kuieleza mbele ya wahadhiri na wasanifu wageni. Tunaiita juri. Watu wazima hulia hapo. Mradi wangu ulikuwa soko la akina mama la Kisaju, lenye paa la kukinga maji ya mvua na ukuta wa kuzuia vumbi.

Nilikuwa nimelala vizuri. Dawa nilikuwa nimemeza. Na bado, nikiwa katikati ya kueleza, nikasikia harufu ya mpira unaoungua, ile inayonijia wakati mwingine kabla sijaanguka. Adui alikuwa amechagua siku!

Nikasema, "Samahani, naanguka. Wanza." Nikaketi sakafuni mwenyewe.

Yaliyofuata niliambiwa. Mgeni mmoja aliruka na kalamu mkononi anitie menoni, Wanza akampigia kelele, "Wacha! Hatiwi kitu mdomoni!" Mwanafunzi huyo akimfokea msanifu mkubwa! Kisha studio nzima ikasogeza viti. Yule kijana wa modeli ndiye aliyevua koti akaliweka chini ya kichwa changu.

Nilipofungua macho, mkuu wa idara alikuwa amechuchumaa kando yangu. "Imetosha, Naserian. Nenda upumzike. Utawasilisha mwaka ujao."

Ulimi wangu ulikuwa mzito. Lakini nilimwambia, "Hapana. Niacheni nilale hapa kidogo. Anayefuata aendelee. Nikiamka nitamaliza."

"Hapa?"

"Hapa."

Na nikalala! Ndugu zangu, nililala sakafuni chini ya michoro yangu, mbele ya juri, katika idara ambayo iliniambia usingizi ni wa kozi zingine! Wenzangu wawili waliwasilisha mimi nikikoroma. Nikaamka, nikanawa uso, nikasimama. Maneno mengine yalikataa kuja, nikawa naonyesha kwa kidole. Yule mgeni wa kalamu akaniuliza kwa nini ukuta wangu umeelekea upande mmoja tu.

Nikamwambia, "Kwa sababu upepo unatoka huko. Upande mwingine akina mama wanaweza kuketi wakitazama barabara."

Akaangalia mchoro. Akaandika.

Nilipita. Nimehitimu. Leo nafanya kazi na ofisi ya wasanifu hapa Kitengela, na ngazi ambazo sipaswi kupanda sipandi, kuna mwenzangu anapanda. Siku ya kuvaa kofia, Shangazi alikuja bila kualikwa. Hakusema juu ya vidonge, hata leo hajasema. Alinivisha shanga alizozitunga mwenyewe, akaenda kusimama kando ya baba. Tunaendelea kuombeana.

Namshukuru Mungu kwa Wanza. Namshukuru kwa baba. Namshukuru kwa daktari wa Kajiado ambaye sijawahi kumwona tena. Na kwako wewe mzazi uliyeketi hapo unajua ni nani uliyemfungia chumba cha nyuma ukija ibada, nina neno moja. Mtoe! Mpeleke hospitali, umwombee, na vyote viwili visigombane. Jumapili mlete hapa kanisani umweke kiti cha mbele kabisa. Akianguka, tutamlaza kwa ubavu na tutangoja. Mchungaji atangoja. Kwaya itangoja. Mungu aliyeningojea mimi hana haraka na mtoto wako. Mwamini, umlete.