Mama Jalada na Nyuzi Zilizogeuka Nyuma

Katika kipupwe cha mwaka 1961, madawati ya shule ya misheni yalipokuwa baridi kama jiwe, marehemu, ambaye tulimzoea kwa jina la Mama Jalada, alikuwa msichana wa miaka tisa mwenye kumbukumbu ya ajabu. Alisomewa zaburi mara moja, akairudia bila kukosea. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, kitinda mimba wa seremala na mkunga.

Kipupwe hicho hicho alianguka darasani. Mwalimu alimlaza ubavu, wenzake wakakimbia. Hao walikuwa watoto, tuwasamehe. Wazee wa ukoo hawakuwa watoto. Baba yake mkubwa, mjuzi wa kila jambo ambalo hakupata kulisoma, alitamka: "Huyu ana mgeni kichwani. Dawa ya hospitali itamkasirisha." Akaachishwa shule, akatengewa kikombe, na kwa miaka kumi na miwili akafukizwa moshi kama nyama. Wale waliokuwa wakikishika kikombe hicho kwa ncha za vidole wamo humu leo, viti vya mbele, nao wamependeza.

Alipotimiza miaka ishirini na mmoja alikataa, akaondoka na nguo alizovaa. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha kujalidi, akashona migongo ya vitabu hadi alipostaafu. Hapo alimpata mwendesha mitambo, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Juni 1976. Bwana arusi alipoonywa na jamaa wa mkewe kwamba anaoa ugonjwa, alijibu: "Huyu huanguka, akainuka, akaenda kazini. Ninyi mmesimama mwaka mzima, mmefanya nini?" Mume huyo alimtangulia kaburini, na swali lake ametuachia.

Mume huyo ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari wa mishipa ya fahamu alimwonyesha mchoro wa hipokampasi, kipande kidogo cha ubongo kilichojikunja, kinachosaidia kutunza kumbukumbu.

"Mama," alisema, "kifafa kikali kikiachwa bila tiba, kinaweza kuua baadhi ya seli hapa. Zilizobaki hujikuta na nyuzi zisizo na wa kuzipokea. Nyuzi hizo huota upya, zikageuka nyuma, zikajiunga na seli za ukoo wao wenyewe. Moja ikishtuka inaishtua jirani, na jirani anaurudisha mshtuko ulikotoka."

"Kumbe kichwa changu kimekuwa kama ukoo wetu! Mmoja akinong'ona wote wanapiga kelele, na hakuna anayekumbuka nani alianza."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Dawa zilipunguza sana kuanguka kwake, lakini zaburi hazikurudi. Tiba ilikuwa imechelewa, na aliyeichelewesha hakuwa shetani.

Januari iliyopita mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la tatu, alianza kuanguka. Ukoo ulikusanyika kwa ari ambayo haujapata kuionyesha kwa jambo lolote lenye faida. Mtoto wa yule baba mkubwa, aliyerithi kiti na ujuzi wa babake, akasema, "Dada, ni mgeni wako yule yule. Tumpeleke akafukizwe."

"Kaka, mgeni pekee niliyepata kumwona maishani mwangu ni wewe, unayekuja bila kuitwa. Kichwa cha huyu bado kizima. Atameza dawa."

Akamhamishia chumbani kwake, akampeleka kwa daktari kila mwezi, ingawa moyo wake mwenyewe ulikuwa umechoka. Moyo huo ulisimama nyumbani kwake, Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024.

Ameacha binti, mkwe na mjukuu mmoja. Ameacha na ukoo pia. Tangu juzi wapo wanaoulizana lini mtoto "atashughulikiwa". Binti yake ameomba wajibiwe hapa, mbele ya jeneza: hatashughulikiwa. Mwenyezi Mungu ampe marehemu pumziko ambalo jamaa zake walimnyima.

Jioni ya Jumanne ile alimpa mjukuu kidonge na maji, akamwambia afungue kinywa, akatazama chini ya ulimi, akaridhika. Kisha akajilaza.