Kioo cha Wapinzani

Basi la kutoka Cheonan kwenda Asan, miji ya Korea Kusini, lilikuwa limejaa nusu. Kijana aliyekaa mbele yangu, suti mpya na boksi la vijikeki vya kokwa za jozi mapajani, alizima simu yake akaichomeka ndani ya soksi. Mama mmoja aliyekaa kando yake akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, umeiba?"

"Hapana, mama. Naenda kwa wakwe mara ya kwanza. Baba mkwe amezeekea kwenye kiwanda cha vioo cha kampuni ya simu, na simu yangu ni ya wapinzani wao. Akiiona, nimekwisha."

Mama akacheka mpaka abiria wakageuka. "Hao wapinzani si wananunua vioo kwetu! Asan nzima inajua. Binti yangu anavifunga kwenye maboksi yao kila siku."

Kijana akaitoa simu haraka, akaiwasha. "Kumbe! Basi hii alama ya ramani iliyoganda kwenye kioo, haifutiki, ni kazi yenu."

"Kazi yetu? Unaiwasha ramani kutwa nzima, halafu unatulaumu sisi?"

"Kioo kizuri hakigandwi na alama."

"Hata uso mzuri ukianikwa juani kila siku utababuka!"

Nilikuwa upande wa mama, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Simu ikaita. Sauti ya mchumba wake ilisikika mpaka kwangu. "Uko wapi? Umebeba chaja? Baba ana simu kama yako, na imeisha chaji."

Kijana alishusha pumzi, akacheka peke yake. Basi likasimama, akateremka mbio.

"Mkweo huyo huyo muulize," mama akamfokea dirishani, "kosa la kioo au la ramani!"